Mkadiria Moto wa Taifa

Nchi hiyo ipo, ila jina lake bado. Waliopigania uhuru wake hawakutaka kuipa jina kwa pupa. Waliunda kamati, kamati ikaketi, ikaona heri kusubiri wakati muafaka, na hadi leo inaketi. Kwa muda, wenyewe wanaiita Nchi Yetu. Wimbo wa taifa wanao, tena mtamu, lakini maneno yake hayajapitishwa, kwa hiyo siku za sherehe wananchi husimama wima, mkono kifuani, wakaguna kwa uzalendo mkubwa.

Msomaji asije akawadhania uvivu. Nchi Yetu inauchukia uvivu kupita kiasi. Ina Wizara nzima ya Wakati Muafaka, yenye jengo refu ambalo ngazi zake zinakaribia kumalizika, na kazi ya wizara hiyo ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wa kwingine huvichanganya ovyo: kuahirisha na kusubiri. Kuahirisha ni kosa, mtu hufungwa. Kusubiri wakati muafaka ni hekima, mtu hupewa nishani. Watoto wa darasa la kwanza hukaririshwa tofauti yake hivi: mama asiyefua leo anaahirisha, serikali isiyochimba kisima leo inasubiri. Mtoto akiuliza swali la pili, huambiwa asubiri darasa la pili.

Katika nchi hiyo, kwenye mji uitwao Tegemeo, aliishi mtu mmoja mrefu, mpole, mwenye baiskeli, jina lake Makungu Vuai. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa karani wa mapokezi wizarani, anayewaambia watu wakae kwenye benchi. Lakini alikuwa na rafiki mkubwa, na rafiki huyo alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ngwali Shaame. Walisoma pamoja tangu utotoni. Zamani za shida waliwahi kuchangia jozi moja ya viatu, leo anavaa huyu, kesho yule. Ngwali alipopata cheo hakumsahau mwenzake. Hilo Makungu alilisimulia kila alipoketi na watu, na kila mara machozi yalimlengalenga.

Siku gari la zimamoto lilipoletwa Tegemeo, mji mzima ulijaa uwanjani. Lilikuwa la kwanza kuonekana huko. Jekundu, limeng'arishwa hadi mtu anajiona sura yake mlangoni, na king'ora chake kikilia mbwa wa vijiji vya mbali waliitikia. Mheshimiwa Ngwali alipanda jukwaani akasema:

"Ndugu wananchi! Gari hili halikuja kuzima moto wa ovyo ovyo. Hapana! Limekuja kuzima moto unaostahili, kwa wakati unaostahili. Mkiliona limetulia, msiseme limelala. Linasubiri! Na taifa linalojua kusubiri ni taifa ambalo tayari limeshafika!"

Watu waliguna wimbo wa taifa mara mbili mfululizo.

Kisha akamwita Makungu jukwaani. Akamvisha kofia ya shaba, akamkabidhi ufunguo mbele ya watu, akasema kwa sauti ya chini kidogo, ya kindugu: "Kuanzia leo wewe ni Mkadiria Moto wa Taifa. Kila moto ukiwaka utakwenda kuutazama. Wewe ndiye utakayejua lini."

Makungu alilia pale pale. Dada yake Kazija, fundi cherehani wa Soko la Ukuti, alipiga kigelegele mpaka akakosa pumzi, na mumewe Foum, fundi wa pampu za visima, alimbeba shemeji yake mabegani.

*

Makungu aliishika kazi kwa mikono miwili. Kila asubuhi alilifuta gari vumbi, akaliwasha, akalizungusha uani, akalizima. Jambo moja tu aliagizwa asilifanye: asifungue milango ya nyuma. Mitambo ile, Waziri alimwambia, ni ya kisasa mno, haipendi kuchunguliwa kabla ya siku yake. Makungu hakuichungulia. Hata alipokuwa anafuta vishikio vya milango ile, alifuta huku ameangalia pembeni.

Moto wa kwanza ulizuka kwa Mzee Shomvi, muoka mikate. Makungu alifika kwa baiskeli, kofia ikimcheza kichwani, akakuta paa la kibanda limeshika.

"Umekuja, mwanangu! Gari liko wapi?"

"Shikamoo, Mzee. Gari lipo."

"Marahaba, marahaba. Lilete basi!"

Makungu alifinya macho, akautazama moto kwa adabu, akapima kimo chake kwa kidole gumba. "Bado mchanga huu," akasema. "Nikilitoa gari kwa ajili ya kibanda kimoja, ukija kuzuka mkubwa nitawaambia nini watu?"

Akazunguka nyuma kuutazama kwa upande mwingine. Aliporudi mbele, paa lilikuwa limeshaanguka na moto unajilamba kwenye magogo.

"Sasa umeshazeeka," akasema kwa huzuni ya kweli.

Mzee Shomvi alimtazama. "Kwa hiyo wakati wake ulikuwa lini?"

"Hapo katikati, Mzee. Ila ulipita upesi."

Jioni redio ilimtaja Mzee Shomvi kama mfano wa mwananchi anayejua kusubiri. Alipigiwa makofi studioni. Mikate, kwa muda, ilikuwa ikitoka mji wa pili.

Ikawa hivyo moto baada ya moto. Ghala la pamba: mchanga. Nyumba ya mwalimu: umezeeka. Kinu cha mpunga: unastahili, ila uko upande wa upepo mbaya. Makungu hakuwa mkatili, na hilo lazima lisemwe. Kila moto ulimuuma. Alikuwa akirudi nyumbani hali chakula, akijiuliza kama kweli alisubiri au aliahirisha, na kila mara alijijibu kwamba Ngwali asingempa kazi hiyo kama hakuona kitu ndani yake. Jibu hilo lilimtosha.

*

Wanawake wa Soko la Ukuti ndio waliokuwa na wasiwasi kuliko wote. Soko lao lilikuwa la mbao na makuti, vibanda vimebanana, vitambaa huku, mafuta ya taa kule, na mwuza chipsi katikati. Wakaafikiana wachimbe birika kubwa nyuma ya soko, walijaze maji ya mvua, na Foum awafungie pampu ya mkono. Majembe yalikwisha kuletwa, na shimo lilikuwa limefika kiunoni, Makungu alipokuja na baiskeli yake.

"Dada, haya ni matusi," alimwambia Kazija.

"Matusi kwa nani, kaka? Tunachimba shimo tu."

"Kwa gari. Mkijichimbia birika, mnasema gari haliji. Mheshimiwa atasikia vibaya."

Kazija aliweka jembe chini, akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Kaka, mimi nataka kukuuliza kitu kimoja, nawe unijibu kama ndugu, usinijibu kama ofisi. Hilo gari, siku ikifika, litakuja?"

"Litakuja."

"Unaniapia?"

"Nakuapia kwa mama."

Mama yao alikuwa amefariki na wote wawili walimpenda. Kazija aliwatazama wenzake. Wakatazamana. Kisha mmoja mmoja walibeba majembe yao, na Foum akalifukia shimo mwenyewe, akalikanyaga vizuri ili mtu asije akatumbukia.

*

Moto wa soko ulizuka mchana, saa ya watu kula. Mafuta ya mwuza chipsi yalifurika, kibanda chake kikashika, kikashika cha jirani, na kabla watu hawajamaliza kupiga kelele upande mzima wa vitambaa ulikuwa unawaka.

Makungu aliuona akiwa barabarani. Alishuka kwenye baiskeli. Kidole gumba kiliinuka chenyewe kwa mazoea, kisha kikashuka. Kwa mara ya kwanza tangu avae ile kofia hakukadiria kitu. Moyo wake ulimwambia: sasa. Hakuwahi kujua kwamba neno hilo lingekuja jepesi namna hiyo.

Alikimbilia uani, kwenye gari. Kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, alipiga simu wizarani kuomba ruhusa.

"Mheshimiwa yuko kwenye semina," alijibu katibu.

"Soko linaungua! Semina ya nini?"

"Ya umuhimu wa kuwahi. Imechelewa kuanza. Subiri kidogo."

Makungu alikata simu, akawasha gari, akawasha king'ora, akatoka.

Watu wa Tegemeo wanaikumbuka sauti ile mpaka leo. Sokoni kulikuwa na mstari wa watu wanaopokezana ndoo kutoka mtoni, wanaume kwa wanawake, na walikuwa wameanza kuushinda moto upande wa mashariki. Waliposikia king'ora waligeuka. Wakaliona gari linakuja, jekundu, taa zinazunguka, na Makungu ndani na kofia yake. Wakaweka ndoo chini. Ndiyo, waliziweka chini, wakajitenga kulipisha, na wanawake wakapiga vigelegele huku machozi yanawatoka kwa moshi na kwa furaha. Kazija alilia kwa nguvu: "Kaka yangu huyo! Si niliwaambia!"

Makungu alisimamisha gari karibu na moto kiasi cha kuunguza nyusi. Akaruka chini, akaenda nyuma, akafungua milango.

Ndani mlikuwa na viti vya plastiki. Vimepangwa vizuri, kimoja juu ya kingine, pamoja na vipande vya mapambo ya karatasi na picha kubwa ya Waziri akitabasamu. Tangi hamna. Pampu hamna. Mpira hamna. Na juu ya viti, kutoka ukuta hadi ukuta, buibui alikuwa ametanda utando wake kwa raha zake.

Kuna mtu alijaribu kucheka, akashindwa. Kisha paa la upande wa mashariki likaporomoka, wakakimbilia ndoo, lakini ndoo wakati huo zilikuwa haziokoi tena chochote ila ndoo zenyewe. Jioni, cherehani ya Kazija ilipatikana kwenye majivu, imejikunja kama mtu aliyelala kwa baridi. Soko lote halikuwapo.

*

Makungu alikwenda kwa Ngwali siku iliyofuata. Hakupita mapokezi. Alimkuta barazani kwake anakunywa chai.

"Kaa, ndugu yangu," alisema Ngwali. "Pole sana. Umekunywa chai?"

"Pampu iko wapi?"

Ngwali alikoroga chai yake taratibu. "Haikuja."

"Haikuja lini?"

"Haikuja kabisa. Tulileta gari na king'ora kwanza, ndivyo vilivyokuwa vinaonekana. Pampu tukasema iagizwe wakati muafaka. Kukawa na uchaguzi. Kukawa na sherehe. Halafu watu wakazoea kusubiri, Makungu, wakaanza kuipenda subira yao. Nikaona nikiagiza sasa nitawavuruga."

"Na mimi? Mimi ulinipa ufunguo wa nini?"

Ngwali alimtazama kwa upole, upole ule ule wa zamani, na huo ndio uliomuumiza Makungu kuliko maneno. "Nilihitaji mtu ambaye nikimwambia usifungue, hatafungua. Katika mji huu wote nilimjua mmoja."

Makungu alikumbuka vishikio alivyovifuta huku ameangalia pembeni, na alijisikia kama mtu aliyekuwa akisali miaka yote mbele ya kabati tupu.

"Nitasema," alisema hatimaye.

"Utasema, bila shaka. Nani kakuzuia? Ila usiahirishe, wala usikurupuke. Subiri Tume ya kuuchunguza moto imalize kazi. Ukisema sasa, watu wana uchungu, watachoma na jengo la wizara, na gari la kuzima hatuna." Akamwekea mkono begani. "Mimi mwenyewe nitakwambia lini."

*

Tume ilifanya kazi kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana Nchi Yetu. Iligundua kwamba pampu ilikuwepo, nzuri, mpya, na kwamba iliibiwa mkesha wa moto. Mtu mmoja alithubutu kuuliza kuhusu utando, Tume ikajibu kwamba buibui wa nchi hiyo ni wachapakazi. Iligundua pia kwamba mwizi wa pampu lazima awe mtu anayejua pampu, na katika mji wa Tegemeo mtu anayejua pampu alikuwa mmoja.

Foum alichukuliwa akiwa anamsaidia mkewe kuchekecha majivu.

Makungu alirudi barazani kwa Ngwali mbio. "Shemeji yangu hakuiba kitu! Kitu chenyewe hakikuwepo, umeniambia mwenyewe!"

"Najua."

"Basi mtoe!"

"Namtoa. Uchaguzi ukipita tu namtoa. Na kwa kuwa ni shemeji yako, kila mtu ataamini, maana watasema Makungu asingenyamaza kama si kweli." Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Wanakuamini mno, ndugu yangu. Hilo usilichezee."

Na Makungu akanyamaza.

Hapa msomaji atauliza: alikuwa anasubiri, au alikuwa anaahirisha? Makungu mwenyewe, mtaalamu wa taifa, hakuwa na shaka. Alikuwa anasubiri. Mwanzo alisubiri Kazija apoe, kwa kuwa mtu haongezewi msiba juu ya msiba. Kazija akapoa, akaanza kushona kwa mkono kwenye ngazi za nyumba za watu. Ikaingia Ramadhani, na mtu haharibu futari ya mtu. Ikaja Idi, na mtu haharibu Idi. Kisha mvua. Kisha uchaguzi, ambao Ngwali alishinda. Kisha Ngwali akasema serikali mpya ni kama mtoto mchanga, isitikiswe. Kila sababu ilikuwa nzuri. Makungu alizichunguza moja moja kwa uaminifu, hakuona hata moja yenye kasoro.

Ila alianza kupita njia ya mbali ili asiuone mlango wa dada yake. Kwanza alipita huko mara moja moja, baadaye ikawa ndiyo njia yake. Nishani ya Subira Daraja la Kwanza, waliyompa kwa utulivu wake, aliitia mtoni. Walipogundua walimpa nyingine.

*

Halafu likaja gari jipya. Kubwa kuliko lile, na ving'ora viwili. Mji ukajaa uwanjani tena, bendi ikapanga mstari, na Mheshimiwa Ngwali akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Maadui wa maendeleo waliiba pampu, lakini hawakuiba subira yetu!"

Wakaguna. Ngwali akanyoosha mkono. "Namwita mtu mnayemwamini. Ndugu yangu, mwenzangu wa viatu, Mkadiria Moto wa Taifa!"

Makungu alipanda. Ngwali akamtolea ufunguo, unang'aa, na kipaza sauti kilikuwa katikati yao. Makungu aliwatazama watu. Alimwona Mzee Shomvi. Aliwaona wanawake wa soko. Kazija hakumwona. Akatazama milango ya nyuma ya gari, imefungwa, na safari hii hakuangalia pembeni.

Hakuupokea ufunguo. Alikishika kipaza sauti.

"Foum hakuiba," alisema. Sauti yake ilivuma uwanja mzima, ikamshtua mwenyewe. "Pampu haikuwahi kuwepo. Waziri aliniambia kwa mdomo wake, siku iliyofuata ule moto. Nimelijua hilo siku zote hizi nikanyamaza. Na hili nalo lifungueni sasa hivi, mbele yetu, muone kama lina kitu!"

Ngwali hakukasirika. Alikichukua kipaza sauti kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

"Ndugu yetu amesema neno zito," alisema, "nami naliheshimu. Neno hili lina wakati wake, na wakati huo ukifika tutalisikiliza sote." Akaipungia bendi.

Bendi ilipiga. Watu wakasimama wima, mkono kifuani, wakaguna. Baadhi yao waligunia mbali na jukwaa, wametazama chini, na Mzee Shomvi hakufungua mdomo. Lakini walisimama. Vijana wawili wenye suti walimsindikiza Makungu hadi nje ya uwanja, wakampa pole kwa uchovu wake, wakamwachia.

*

Alitembea kwa miguu hadi kwa dada yake. Kichwa kilikuwa chepesi, kifua kilikuwa chepesi, na alikuwa anatabasamu peke yake njiani kama mwendawazimu. Amesema! Wamwamini wasimwamini, amesema. Sasa ataingia kwa Kazija, atamshika miguu, atamweleza yote, na kesho wataongozana gerezani kwa Foum.

Kazija alikuwa amekaa mlangoni anachagua mchele. Alinyanyua uso, akaushusha.

"Dada, nimesema," Makungu alianza, pumzi zinamkatika. "Nimesema mbele ya watu wote. Foum hakuiba, pampu haikuwepo. Ngwali alinidanganya, Kazija. Alinisaliti, mimi ndugu yake."

"Nimesikia. Spika zao zinafika mpaka huku."

"Tutamtoa. Kesho nakwenda mwenyewe gerezani, najiandikisha shahidi."

Kazija aliendelea kuchagua. "Foum yupo humu ndani. Walimtoa kwa msamaha wa Siku ya Subira, tangu mvua za vuli. Walimwambia amesamehewa wizi wake, aseme ahsante. Akasema."

Makungu alishika nguzo ya mlango. "Tangu vuli? Na mimi sikujua?"

"Ungejuaje? Huku hupiti."

Ndani, sauti ya mwanamume, nzito na ya taratibu kuliko alivyoizoea, iliuliza: "Nani huyo?"

"Ni kaka," alijibu Kazija. "Amekuja kusema kwamba hukuiba."

Makungu aliinua mguu kuvuka kizingiti, mara sauti ikasema: "Mwambie nakula."

Mguu ulirudi chini.

"Wewe ulijua?" Makungu alimuuliza dada yake kwa mnong'ono. "Kwamba haikuwepo? Ulijua kwamba nami najua?"

"Mji mzima ulijua. Mimi nilijua siku waliyomchukua, ulipokuja kunipa pole na hukuweza kunitazama." Akapeta mchele, akapuliza makapi. "Nikasema sitamuuliza. Atakuja mwenyewe, ni kaka yangu, aliniapia kwa mama. Foum alipokuwa gerezani nilikuwa nakuwekea chakula. Kila siku, kaka. Jioni nampa jirani."

"Nisamehe."

Kazija alisimama na ungo wake, akaliondoa pazia kwa kiwiko, akasita hapo, nusu ndani na nusu nje. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka kitu kwa usahihi.

"Siku zote hizo nilidhani nakusubiri," alisema. "Leo nimekuona, kumbe nilikuwa naahirisha tu kukufukuza."

Akaingia, na pazia likarudi mahali pake.